Vidole Vitano vya Kahawia

"Hesabu mwenyewe," Mama Pindo alisema, akilitandaza shuka mbele ya pua ya jirani yake. "Kimoja, viwili, vitatu, vinne, na hiki kinene cha pembeni ni gumba. Sasa niambie ni paka ndiye aliyenishikia shuka."

"Sijasema paka."

"Umesema hujui."

"Nimesema jana jioni halikuwa na doa. Nililisogeza pale kambani nipite kwenda bombani, basi. Nimelishika jeupe, nimeliacha jeupe."

"Jana jeupe, leo lina vidole. Kwa hiyo limelala, limeota, limeamka na mkono wa mtu."

Ilikuwa saa tatu asubuhi, na nyumba ile ya vyumba tisa na ua mmoja ilikuwa imeshaacha kazi zake zote. Ugomvi ukianza uani pale, hata masufuria huchemka polepole ili yasikie. Msusi, mwenye saluni chumba cha mbele, alikuwa ameshatoka na kitana mdomoni. Mteja wake akamfuata, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima kama nayo inatega sikio.

Aliyeshtakiwa aliitwa Popo. Jina hilo walimpa wapangaji wenzake siku alipohamia na kuziba dirisha la chumba chake cha pili kwa mbao na blanketi mchana kweupe. Waliposikia kuwa ni mpiga picha, na kwamba chumba kile ni cha kusafishia filamu gizani, walimwomba radhi, wakaendelea kumwita Popo. Yeye alishazoea. Mlangoni kwake, chini ya tangazo la picha za vitambulisho, alikuwa amechora popo mdogo mwenye kamera shingoni. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mwepesi wa kucheka, na asubuhi ile alikuwa na sababu nzuri ya kuficha mkono wa kulia mfukoni.

"Toa mkono," Mama Pindo alisema.

"Mkono upi?"

"Huo unaoona haya."

Popo akautoa. Gumba lilikuwa la kahawia kuanzia ukucha hadi kwenye kifundo, kama la mtu aliyekoroga chai kwa kidole na kusahau kukitoa.

"Lo," alisema mteja mwenye nusu kichwa.

"Glavu ilitoboka," Popo akasema. "Nilikuwa najaribu dawa ya filamu, ya mjomba wangu. Nilikuwa nimevaa glavu zenye majimaji, lakini majimaji yenyewe yalikuwa bado hayajashika rangi, naapa."

"Dawa gani hiyo haina rangi jana, ina rangi leo? Mimi nashona nguo, sifugi ujinga."

Hapo Msusi akakitoa kitana mdomoni, maana jambo lilikuwa limeingia kwenye kazi yake.

"Hilo linawezekana, mama. Dawa ya kupaka nywele nayo iko hivyo hivyo. Unampaka mtu, haina rangi ya maana. Unakwenda kunywa chai, unarudi, kichwa cheusi kama chungu. Hewa ndiyo inayoipikia rangi."

Mama Pindo akamwangalia Msusi, akamwangalia Popo, akaliangalia shuka. "Kwa hiyo shuka langu limepakwa rangi ya nywele."

Watu wakacheka, na Popo naye akacheka, hilo likawa kosa lake la pili. Mama Pindo hakucheka. Alianza kulikunja shuka taratibu, pembe kwa pembe, na sauti yake ikashuka, na wanaomjua wanajua kuwa akipiga kelele bado yuko salama. Akishusha sauti, ujue ameumia kweli.

"Mnajua shuka hili hufunika nini," alisema.

Walijua wote. Nyumba nzima ilikuwa imeshachungulia, mmoja mmoja, kwa visingizio vya kuazima mkasi. Shuka lile lilifunika gauni la harusi ambalo Mama Pindo alilitarizi kwa wiki kumi na moja, maua mia mbili na kitu, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Ukisimama mbali unaona gauni tupu. Ukisogea, mwanga ukilipiga ubavuni, bustani nzima inakufungukia. Lau shuka lile lingekuwa bichi zaidi, lau lingerudishwa juu ya gauni jana ileile, vile vidole vitano vingekuwa kifuani mwa bibi harusi.

Na kulikuwa na jingine. Bibi harusi alikuwa anakuja saa tano kulichukua gauni, apande basi la saa sita, aolewe mji wa mbali, na gauni lisirudi tena. Saa kumi jioni alikuwa anakuja bibi mwenye duka kubwa la nguo za harusi, anayetafuta mtarizi mmoja wa kusimamia chumba chake cha utarizi. Mafundi wanne walikuwa wameshapeleka picha za kazi zao. Mama Pindo alikuwa na picha pia. Shemeji yake alizipiga kwa simu, ishirini na moja. Katika kumi, mvaaji alionekana vizuri na gauni likawa weupe mtupu, kama mtu amejifunga taulo. Katika zilizobaki shemeji alilipunguza jua, maua yakaanza kuonekana kwa mbali, lakini uso wa mvaaji ukawa mweusi usio na macho.

"Nitamwonyesha nini yule mama?" Mama Pindo aliuliza, na hakuwa anamuuliza yeyote. "Taulo?"

Popo alilitazama gumba lake. Kisha akasema neno ambalo hakuwa amepanga kulisema.

"Nipe gauni na bibi harusi kwa dakika kumi na tano. Nitakutolea uso na maua kwenye picha moja."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa hiyo dawa iliyolichafua shuka."

Hata yule wa nusu kichwa alisahau kusema lo.

*

Ukweli ni kwamba Popo hakuwahi kusafisha filamu hata moja kwa dawa ile. Mjomba wake ndiye aliyekuwa bingwa wa dawa hiyo. Alipostaafu na kuhamia kwa binti yake, alimwachia mashine ya kukuzia picha, mabeseni, na chupa mbili za kahawia zilizoandikwa KWANZA na PILI, pamoja na daftari la jalada la kijani. Jana Popo alikuwa amechanganya vijiko viwili na kutumbukiza kipande cha filamu, kuona tu kama chupa bado zina uhai baada ya miaka mitatu kabatini. Kipande kilibadilika rangi. Zina uhai. Hayo ndiyo aliyoyajua, na hayo tu.

Mengine aliyasoma daftarini, amesimama, huku akitia filamu kwenye kamera. Mjomba aliandika kama anavyoongea. "Chupa hizi ni kama mawifi: zikae mbalimbali, zikutane siku ya shughuli tu, na zikishakutana usipoteze dakika, maana baada ya nusu saa zitaharibiana." Ukurasa uliofuata: "Dawa nyingine, ukipiga kitu cheupe sana, hulundika weusi kwenye filamu mpaka unakuwa ukuta. Mwanga wa mashine haupiti, na karatasini unabaki weupe mtupu. Hii haijengi ukuta. Hii inatia doa la njano, palipo na mwanga mwingi doa zito, palipo na kivuli doa jepesi. Inatundika pazia. Kwenye pazia mwanga unapita kwa adabu."

Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu: "Ukiiona ya njano usilie. Jicho letu halijali njano. Karatasi inaijali."

Saa tano kamili bibi harusi akaja na shangazi yake, mwanamke wa miraba minne aliyekuwa akiiangalia saa ya mkononi kama vile inamdanganya. Binti mwenyewe alikuwa mweusi wa kung'aa, mwenye meno mazuri na haraka ndogo kuliko ya shangazi.

"Dakika kumi na tano," shangazi alisema. "Na tatu zimeshakwenda kwenye salamu."

Mama Pindo alimvisha. Alipotoka naye, ua mzima ukasogea karibu, maana kuchungulia gauni kwenye kiti ni jambo moja, na kuliona linatembea ni jambo jingine. Popo hakumsimamisha juani katikati. Alimweka kwenye mlango wa saluni, mwanga umjie wa ubavuni, uziguse nyuzi kwa pembeni na kuziachia kivuli chembamba kila moja. Akapima mwanga shavuni, upande wa kivuli, akaliacha gauni lijitetee lenyewe.

"Huogopi weupe utaungua?" Msusi alinong'ona, kwa kuwa sasa kila mtu alikuwa mtaalamu.

"Naogopa sana, dada."

Filamu ile ilikuwa ya picha kumi na mbili. Popo alipiga kumi na moja bila kupumua vizuri: bibi harusi akitazama mlango, akitazama chini, akigeuka, akicheka kwa sababu Msusi alimwambia bwana harusi akichelewa arudi hapa wampe mwingine. Ya kumi na mbili shangazi aliingiza mkono mzima mbele ya kamera, saa ikiwa juu.

"Zimekwisha," alisema.

Na kweli zilikuwa zimekwisha. Baada ya dakika tano gauni lilikuwa kwenye sanduku, sanduku kwenye teksi, na Mama Pindo amesimama barabarani akipunga mkono. Wiki kumi na moja za macho yake zilikuwa zimebaki ndani ya kijirolo kimoja cha filamu kilichoenea kwenye kiganja cha Popo.

*

"Sikuachii," Mama Pindo alisema, akaingia naye chumba cha giza.

"Mama, humo hakuna pa kukaa."

"Nitasimama. Jana umeharibu nikiwa sipo. Leo uharibu nikiwepo."

Popo akazima taa. Kuiingiza filamu kwenye kopo la kusafishia kunataka giza totoro, hata taa nyekundu hapana. Mikono ikafanya kazi yake, na kwenye giza lile sauti ya Mama Pindo ikawa karibu sana na tofauti, kama ya mtu mwingine.

"Unajua kwa nini wananiita Pindo?"

"Kwa sababu unashona."

"Kwa sababu miaka kumi na tisa hawaniletei kitu kingine. Suruali ndefu, punguza. Sketi imefumuka, pinda. Hata wewe uliniletea pazia nilipinde. Kutarizi nilifundishwa na marehemu mama, na mkono wangu ni mzuri, sijisifu. Lakini hakuna aliyewahi kuniletea kitambaa na kusema, haya, nionyeshe unachoweza. Yule binti ndiye wa kwanza. Huyo mama wa duka akiona picha ya taulo, nitaamka kesho kupinda suruali mpaka macho yafe. Basi. Ndiyo hayo tu."

Popo alifunga kifuniko cha kopo, akawasha taa, na wote wawili wakajifanya hawakuongea.

Glavu mpya alipewa na Msusi, zile za kupakia watu rangi. Akavaa. Akapima maji, akatia ya KWANZA, akatia ya PILI, na polepole maji yakaanza kubadilika, kutoka meupe kwenda rangi ya asali. Akamimina koponi.

"Kila nusu dakika napindua kopo mara mbili," alisema. "Nikisahau, inakuwa na michirizi. Nihesabie."

Mtu aliyetoboa kitambaa mara maelfu anajua kuhesabu. Mama Pindo alihesabu kwa mdomo uliofumba, kidole gumba kikigonga kidole cha shahada, na kila alipofika thelathini alisema "haya" na Popo akapindua. Haya. Haya. Dakika kumi na mbili. Dawa ilipomwagwa ilitoka nyeusi kama kahawa iliyosahaulika. Likafuata suuzo la maji matupu, maana ile siki ambayo wengine husimamishia dawa, mjomba aliikataza kwa mistari miwili chini ya neno. Kisha ikafuata dawa ya kukazia picha, na maji tena. Popo akafungua kopo, roho mkononi, akaivuta filamu.

Ilikuwa ya njano, njano yenye ukijani, kama kitu kilicholowekwa kwenye chai ya mgonjwa. Na nyepesi. Popo alikuwa amezoea filamu zenye weusi uliokomaa, zile ambazo ukiinua tu dirishani unajua una picha. Hii ilikuwa na vivuli vya watu waliopita zamani. Aliyakumbuka maneno ya kalamu nyekundu, lakini maneno yapo daftarini na filamu ipo mkononi, na mkononi mwake mlikuwa na kitu kilichoonekana kimeharibika.

"Hiyo ndiyo inavyotakiwa kuwa?" Mama Pindo aliuliza.

"Nadhani."

"Unadhani."

"Ngoja nikaazime dryer kwa Msusi, tuikaushe haraka. Saa zinakwenda." Akaiacha filamu ikining'inia juu ya sinki, ikichuruzika maji, akatoka mbio.

Alidhamiria dakika moja. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuingia saluni ile akatoka baada ya dakika moja. Vipi, imetoka? Uso umeonekana? Ni kweli shangazi aliweka mkono? Popo alijibu nusu, akakwepa nusu, akanyakua dryer, na Msusi akasema anakuja nayo mwenyewe kwa sababu waya wake una tabia. Wakaenda wote. Mlangoni Popo akasimama ghafla, na Msusi akamgonga mgongoni.

Palikuwa na harufu. Harufu kali ya kufulia, ya dawa ya kutolea madoa.

Mama Pindo alikuwa ameinama sinkini, miwani puani, ncha ya chini ya filamu imelala kwenye kiganja, na mkono wa pili una pamba. Alikuwa anafuta kwa upole uleule aliotumia kwenye hariri.

"Mama Pindo, unafanya nini?"

"Nakusaidia, mwanangu. Nimeona aibu ilivyokushika. Doa huwahiwa likiwa bichi. Likikauka ndiyo basi. Tazama, linatoka vizuri sana."

Lilikuwa limetoka vizuri sana. Ya mwisho kwenye mstari, palipokuwa na picha, palikuwa na plastiki safi, angavu, unaona kupitia hapo kama kioo cha dirisha. Doa lilikuwa limetoka, na picha imetoka nalo.

Popo hakupiga kelele. Alivuka chumba kwa hatua mbili, akaichukua filamu, akaitia chini ya bomba na kufungulia maji mengi mpaka yakamrukia kifuani.

"Hilo doa ndilo picha," alisema. "Mama, doa ndilo picha yenyewe. Maua yako yako humo kwenye hiyo njano."

Mama Pindo aliitazama pamba iliyokuwa mkononi mwake. Aliiweka chini polepole, kama mtu anayeweka chini kitu cha kuvunjika ambacho kimeshavunjika.

"Ngapi?" aliuliza.

Popo aliinua filamu kwenye taa, akahesabu kutoka juu. Kumi na moja zipo. Akasogeza macho pale palipofutwa, akatafuta kilichokuwepo kwa kukumbuka mpangilio. Kisha, bila kutaka, bega lake likaanza kucheka kabla ya mdomo.

"Moja. Umemfuta shangazi."

Msusi aliketi chini kabisa, palepale kizingitini, dryer mapajani. "Pamoja na saa yake," alisema, na hapo wote watatu wakacheka kicheko kile cha watu waliopitiwa na gari bila kuguswa.

"Basi," Mama Pindo alisema, akifuta macho. "Wewe ulinichafulia shuka, mimi nimekufutia filamu. Tumekuwa sawa. Lakini kama maua hayamo humo, usawa huo ufe."

*

Saa tisa na nusu. Waya wa dryer umekataa na kukubali mchana kutwa, lakini filamu imekauka, dirisha limezibwa, taa nyekundu inawaka, na chumba cha mtu mmoja kina watu watatu. Msusi alisema hakuja kutazama, alikuja kulinda dryer yake.

Popo alichagua ile ambayo bibi harusi amegeuka, anacheka, bega moja mbele. Akaiweka kwenye mashine, akaweka karatasi, akaipa mwanga sekunde kumi kama alivyozoea kila siku, akaitumbukiza kwenye beseni la kwanza, akaanza kulitikisa.

Karatasi ilibaki nyeupe. Baada ya muda uso ukaja, hafifu, rangi ya majivu. Gauni halikuja kabisa. Palipokuwa na gauni palikuwa na karatasi.

"Taulo," Mama Pindo alisema. Hakulalamika. Alilitaja tu, kama mtu anayemtambua maiti wake.

Nje mtu alikuwa anachota maji. Ndoo ikajaa, ikamwagika. Popo akaiangalia tena filamu ndani ya mashine, ile njano nyepesi isiyo na nguvu, na ndipo maneno ya mjomba yakamgonga kisogoni. Pazia. Mwanga unapita kwa adabu. Yeye alikuwa ameupa mwanga muda wa kupita dirisha lililo wazi. Jicho lake liliona wepesi, lakini karatasi iliona pazia zito.

"Haikukosea," alisema. "Mimi ndiye niliyeiharakisha." Akaweka karatasi mpya. "Mama, nihesabie thelathini na tano."

Gumba na shahada vikaanza kugongana gizani. Thelathini na tatu, thelathini na nne. Haya.

Karatasi ikazama kwenye beseni. Vichwa vitatu vikainama juu yake mpaka Popo akaomba nafasi ya kiwiko. Kwanza nywele. Kisha macho, na mng'ao wa shavu, na meno, uso mzima mweusi na hai, unacheka kweli. Kisha, pale pa karatasi tupu, kitu kikaanza kutambaa. Kivuli chembamba kuliko unywele. Kingine pembeni yake. Mstari, tawi, jani, jani, ua. Yalikuja kutoka begani kwenda kiunoni, moja likiita jingine, nyuzi zote zimesimama, kila mmoja peke yake na kivuli chake, nyeupe juu ya nyeupe, mpaka ungetaka kupitisha kidole uzisikie.

Msusi alikuwa ameushika mkono wa Popo na kuuminya bila kujua.

"Hilo la Jumanne," Mama Pindo alisema mwishowe. Kidole chake kilielea juu ya maji. "Hilo sindano ilivunjika. Hili... ah. Hili umeme ulikatika, nikamalizia kwa kupapasa. Lina petali sita. Mengine yote matano. Nilidhani hakuna atakayeliona duniani."

"Sasa linaonekana," Popo akasema.

"Linaonekana, mwanangu."

Mlango wa uani ukagongwa. Saa kumi.

*

Bibi mwenye duka alikuwa mwembamba, mwenye miwani ya mnyororo na haraka ya watu wenye sehemu nyingine ya kwenda. Alianza na samahani: ameshaona kazi za mafundi wanne, mmoja ameshamvutia, amekuja tu kwa sababu aliahidi. Popo akaileta picha, imeshapita mabeseni yote, juu ya kipande cha kioo, bado imelowa, inadondosha maji kwenye sakafu ya uani.

Yule bibi akaitazama akiwa amesimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaomba kiti. Wapangaji wote walikuwa na shughuli ghafla karibu na pale: mmoja anaanika soksi moja, mwingine anafagia palipofagiwa.

"Mashine gani ilitarizi hii?" aliuliza.

"Mkono," Mama Pindo alisema.

"Wanne wote wameniambia mkono."

Akaendelea kutazama, pua karibu iguse maji. Kidole chake kikaenda begani, kikashuka, kikasimama. "Hili lina sita."

Mama Pindo alinyoosha mgongo.

"Taa ilizimika, mama. Nilimalizia gizani."

Bibi yule akaegemea kiti, na kwa mara ya kwanza akawa hana haraka. "Mashine haikosei petali, na umeme ukikatika husimama," alisema. "Na mtu anayekosea ua moja katika mia mbili, gizani, namtaka." Akainuka. "Chumba cha utarizi kiko ghorofani, dirisha linatazama mashariki. Jumatatu. Na hii picha naiomba, nitaitundika mlangoni mwake." Akamgeukia Popo. "Ninyi mmetumia nini? Picha zangu za gauni jeupe hazijawahi kutoka hivi."

"Doa, mama," Popo alisema.

Bibi akadhani ni utani, akacheka, akaondoka na picha kati ya magazeti mawili. Ua ukalipuka nyuma yake. Mwenye soksi moja aliitupa hewani. Msusi alipiga vigelegele mpaka mteja wake, aliyekuwa na nusu kichwa tangu asubuhi, akatoka kuuliza kama na yeye atakumbukwa leo.

Katika vurugu hiyo Popo alirudi kumwaga mabeseni. Alisuuza kopo, akafunga chupa mbili kila moja mahali pake, akalitoa daftari la kijani na kuandika chini ya kalamu nyekundu ya mjomba: "Mwanga sekunde 35. Usimwache fundi nguo peke yake na filamu." Alipotoka, jua lilikuwa bado ukutani, na njaa ilikuwa imemkumbuka, hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi.

Mlango wa Mama Pindo ulikuwa wazi. Ndani watu walikuwa wameshajaa, Msusi na wa nusu kichwa na majirani wa mwisho wa ua, vijiko vinalia, kila mtu anasimulia jinsi alivyojua tangu mwanzo. Cherehani imesukumwa pembeni. Juu ya meza ya kukatia vitambaa, Mama Pindo alikuwa ametandika shuka lile lile, na vidole vitano vya kahawia vilikuwa upande wa mlangoni, mbele ya kiti kimoja kilichoachwa wazi na sahani iliyojaa.

Popo akasimama kizingitini, akaonyesha gumba lake. "Nimesugua, mama. Haitoki."

"Nani amekuambia utoe?" Mama Pindo alisema, akivuta kile kiti. "Ingia hivyo hivyo, mwanangu. Njoo ule, kinapoa."